Monseigneur na Maji Yake

Jumapili, 1 Septemba

Agenda hii, daftari la tarehe, ni ya mwaka uliokwisha kufa. Famasi moja ya Makiso, katikati ya mji, ilinipa bure kwa sababu siku zake hazilingani tena na za dunia. Nazisahihisha kwa kalamu. Naanza leo kwa sababu ameingia mgeni nyumbani, na mgeni huyo hana miguu.

Benoît amemrudisha Falonne saa kumi baada ya likizo. Benoît alikuwa mume wangu. Sasa ni mume wa Nathalie, fundi wa maabara huko Yangambi, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mmoja na miezi miwili. Mwezi wa saba familia mbili zilikaa chini, zikanywa, zikakubaliana: mwisho wa Desemba Falonne mwenyewe atasema atalala kwa nani siku za shule, kwangu hapa karibu na maporomoko au kwao Makiso. Ana miaka kumi na mmoja. Wakubwa sita walishindwa, wakampa mtoto kazi.

Ameshuka kwenye pikipiki akiwa amekumbatia sachet ya plastiki yenye maji. Nyuma, Benoît amebeba sanduku la kioo la lita ishirini kama mtu aliyebeba maiti ya jirani.

"Mama, tazama! Yeye aliitosha kule Kampala, akaileta na ndege!"

"Yeye ni nani?"

"Yeye. Wa kwa papa."

Ndani kulikuwa na samaki mmoja, mrefu kama kidole changu, amevaa nguo ndefu za zambarau na nyekundu zinazoburuta nyuma. Anaitwa betta. Falonne amempa jina Monseigneur, kwa sababu anatembea kama askofu siku ya Pasaka. Nimeuza samaki wa moshi miaka kumi na saba na hakuna hata mmoja aliyenidai mavazi.

Nathalie ametuma karatasi. Mwandiko umelala upande kama wa watu waliosoma mpaka wakachoka. Maji digrii 25 mpaka 27. Filtre, yaani chujio, ya upole, isisukume maji. Chauffage ndogo ya kupasha maji, yenye kujizima. Kifuniko, kwa sababu samaki huyu hupanda juu kuvuta hewa. Na kipimajoto cha kubandika kiooni, amekituma. Chini kabisa amechora mshale wa kugeuza karatasi.

Sikugeuza. Mtu aliyechukua upande mmoja wa maisha yangu hawezi kunidai nisome pande mbili za karatasi.

Jumatatu, 2 Septemba

Shule imefunguliwa. Kabla ya kutoka, Falonne amemfunika Monseigneur na kitambaa, akamuuliza kama anasikia baridi. Basi katika nyumba hii sasa yuko mmoja anayeulizwa kama anasikia baridi. Si mimi.

Jumanne, 3 Septemba

Mama Safi, mteja wangu wa Maniema, amenunua ngolo wawili, wale kambare weusi wa moshi. Karatasi za kufungia zilikuwa zimekwisha. Ya Nathalie imetosha vizuri.

Jumamosi, 7 Septemba

Tonton Hubert, mdogo wa marehemu baba, amekuja kumwona mgeni. Ana mitego yake maporomokoni mpaka leo, ile mikubwa ya fito inayoning'inia mahali maji yanapopasuka. Ameinama, ametazama kioo muda mrefu.

"Na maji inalala hivi?"

"Inalala, tonton."

"Alors iko mugonjwa. Samaki ya nguvu inasimama fasi maji inapiga. Ile ya kulala ni ya poto-poto, ya matope." Akapiga goti lake. "Ursule, batu batatucheka! Nyumba ya Wagenia, wavuvi ya maporomoko, na samaki ndani ya maji ya kulala, sawa supu!"

Mama yangu, ambaye Falonne anamwita koko Agathe, alikuwa anamenya makemba, ndizi za kupika, pembeni. Yeye si wa maporomoko. Baba alimtoa mbali huko chini, upande wa Isangi, ambako wanawake hukausha vidimbwi kwa vikapu wakati wa kiangazi na kuokota samaki matopeni. Amesema taratibu, "Hata ya kulala ni maji." Tonton amecheka. Nami nimecheka. Tangu utoto nilichukua upande wa baba. Maporomoko watu huja na ndege kuyapiga picha. Matope hakuna aliyewahi kuyapiga picha.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda kwa Fadhili wa Bukavu, anayetengeneza frigo nyuma ya soko. Nimemwambia nataka kitu cha kupasha maji ya samaki joto. Amenitolea rezistansi, kile chuma kilichojikunja ambacho watu hutumbukiza kwenye ndoo ya kuogea.

"Hii inachemusha ndoo muzima na hujamaliza kuvua nguo."

"Fadhili, nataka kumupasha joto, si kumupika. Kupika najua."

"Basi usiiache mingi."

Nimeikataa. Lakini alikuwa na pompe pia, nyeusi, nzito, iliyotoka kwenye chemchemi ya hoteli moja iliyofungwa. Ilikuwa na filtre yake kifuani. Nimeuliza kama ina nguvu. Ameichomeka kwenye beseni, na maji yamempiga mteja aliyekuwa amekaa upande wa pili. Nimeipenda hapohapo. Amekubali kuchukua samaki wa moshi.

Kusema kweli, njiani niliikumbuka karatasi: isisukume maji. Nimejibu kwa sauti, mbele ya watu, kwamba mwanamke wa maabara hatanifundisha mimi samaki.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumeiwasha. Maji yamevuma kweli, tonton Hubert amepiga makofi. Monseigneur amezunguka mara tatu bila kupenda, kisha amesimama konani, nguo zake zimebandikwa kiooni.

"Ona anavyocheza," nikamwambia Falonne.

"Mama, hachezi."

"Basi anafanya mazoezi."

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Digrii 25. Biashara ndogo.

Jumapili, 29 Septemba

Falonne amerudi kutoka kwa baba yake na nywele mpya, nyuzi ndogondogo kama za mashine. Sikuuliza nani amemsuka. Nimenusa tu. Ni sabuni ile yenye harufu ya watu wasioshika samaki.

Kisha ameanza kusimulia: kwa papa courant haikatiki, iko umeme ya solaire. Kwa papa banakula yai asubui. Yeye alinionyesha chembe ya damu ndani ya mikroskopi, mama, ni ya muviringo! Nimemwambia hata mimi nina damu, imezunguka bila mikroskopi miaka arobaini na miwili.

Lakini nimegundua kitu, na nakiandika hapa nisikisahau. Hamwiti jina. Hasemi Nathalie, hasemi tantine, hasemi lolote. Ni "yeye" tu. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sokoni wananiita "mama ya samaki mbili": mmoja nafuga, wa pili nakausha.

Jumatano, 9 Oktoba

Koko Agathe ameketi mbele ya akwariamu tangu asubuhi.

"Ile samaki inatafuta kukaa," amesema. "Hauoni inapiga maji juu ya kukuja kunywa hewa? Ni sawa mongusu, samaki ya poto-poto. Sisi bamama, kama tulikausha kiziwa, ile kidimbwi, tulijua: ile inapanda kupumua inaishi fasi maji haina kelele."

"Mama, huyu ni wa Kampala."

"Na Kampala hakuna poto-poto?"

Jumamosi, 12 Oktoba

Falonne amezima pompe mwenyewe. Nguo za Monseigneur zimechanika pembeni kama pazia la baa.

"Ulisema anafanya mazoezi! Mwalimu ya gym hachanikake nguo!"

"Samaki bila mkondo anaoza. Muulize tonton."

"Tonton anakamata samaki. Hazichungake!"

Nimemwambia asinipigie kelele ndani ya nyumba yangu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nitaandika mengi na sitajisifu.

Tangu tarehe kumi na mbili, kila asubuhi Falonne akienda shule, mimi nimekuwa nikiiwasha pompe. Nikitoka sokoni saa tisa, naizima, nafuta meza. Amekuwa akiingia, anaona maji yametulia, ananibusu. Siku kumi na mbili.

Leo mwalimu alikuwa mgonjwa na watoto wamerudishwa mapema. Nimeingia nikamkuta amesimama mbele ya kioo, mkoba bado mgongoni. Pompe inanguruma. Nusu ya mkia wa Monseigneur ilikuwa imekwama kwenye mdomo wa pompe, inapepea kama kitambaa cha mtu mwingine. Mwenyewe alikuwa chini, amelala kwa ubavu.

Hakulia. Ningependa angelia.

"Ulikuwa unaiwasha."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

Nimesema maji yalikuwa machafu. Nimesema tonton. Amenisikiliza mpaka mwisho kwa heshima yote, kama watu wanavyomsikiliza mgombea wa uchaguzi, kisha amechomoa waya, akaingia chumbani kwa koko.

Sasa naandika lile ambalo sikumwambia. Sikuiwasha kwa ajili ya samaki. Kila nilipomwona amekaa ametulia na mavazi yake ya Kampala, nilimwona aliyemtuma. Nilitaka siku moja Falonne aseme: mama, samaki yake haina nguvu. Yake. Hilo tu. Nimempiga kiumbe mrefu kama kidole ili nisikie neno moja, na hata hilo neno sikulipata.

Koko Agathe amepita, ametazama kioo, kisha amenitazama mimi. 

Ijumaa, 25 Oktoba

Pompe nimemrudishia Fadhili. Ameuliza kama ilikosa nguvu.

Jumanne, 29 Oktoba

Bila filtre maji yananuka. Nabadilisha kidogokidogo, kikombe kwa kikombe. Falonne anajibu ninapomuuliza, hazidishi.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua siku ya tatu. Umeme umekatika tangu juzi. Digrii 22. Monseigneur hali chakula. Nimefunika kioo kwa blanketi langu, nami nimejifunika kitenge. Hapo unaona daraja zetu.

Ijumaa, 8 Novemba

Digrii 21 na nusu. Falonne amesimama mlangoni, amevaa sare, amesema maneno aliyokuwa ameyapanga, nimeyajua kwa sababu hata mimi napanga yangu:

"Mama, kwa papa iko solaire. Yeye iko na chauffage ndogo. Kama Monseigneur anabaki hapa atakufa. Mi nataka kumupeleka kule mbele ya Noeli." Halafu, bila kunitazama: "Na mimi nitamufuata juu ya kumuchunga."

Nimemwambia tutaona. Nimekwenda sokoni. Nimemrudishia mteja chenji mara mbili.

Jumatatu, 11 Novemba

Jumatatu Nathalie hupanda baleinière, boti ya mbao, ya kwenda Yangambi. Nimekuwa bandarini saa kumi na mbili na nusu, nimevaa kitenge cha misa. Sikutaka anikute na harufu ya kazi, lakini harufu ilikuwa imevaa kitenge pamoja nami.

Alikuwa ameketi juu ya magunia, jaketi la kuokolea limefungwa mpaka kidevuni. Yeye peke yake kati ya abiria sitini. Nilitaka kucheka. Aliponiona aliruka chini, akakunja goti kidogo kama kwa yaya, dada mkubwa.

"Yaya Ursule. Mbote."

"Mbote. Samaki yako iko kufa."

"Ni ya Falonne, yaya."

"Ikiwa muzima ni ya Falonne. Ikikufa itakuwa ya kwangu. Niambie ile uliandika."

Ameuliza digrii. Nimesema. Ameuliza mkia. Nimesema umepungua. Ameuliza filtre niliyoweka ni ya namna gani.

"Ya nguvu kidogo."

"Kidogo?"

"Ilitoka kwenye chemchemi ya hoteli."

Hakucheka. Angecheka ningemsamehe haraka zaidi. Amenieleza kama unavyomweleza mtu mzima: betta kwao huishi mashambani mwa mpunga, kwenye maji yaliyosimama. Nguo zile ni nzito. Mkondo kwake ni kama kumwambia mwanamke aliyevaa gauni la harusi avuke maporomoko. Kinachomfaa ni eponji ndani ya maji, na kipompe cha hewa kinachopita katikati yake na kutoa povu dogo tu. Uchafu unanasa kwenye eponji, maji hayasukumwi. Na eponji isioshwe kwa sabuni wala kwa maji ya bomba. Ikamuliwe ndani ya maji yaleyale ya akwariamu, kwa sababu humo ndimo wanamokaa wadudu wazuri wanaokula uchafu.

Nimesikiliza kila neno, nimechukia kwamba yote yana akili.

Nahodha amepiga honi. Nathalie amepandisha mguu mmoja, amegeuka.

"Yaya, na ile ya nyuma? Uliisoma?"

Hapa mtu mwema angesema: hapana, nilifungia ngolo.

"Niliisoma," nikasema.

"Na?"

"Ile si jambo ya kujibia bandarini."

Uso wake umefunguka wote. "Ni kweli. Pardon. Mi nilifikiri unyamavu yako ndiyo jibu."

"Nitajibu mbele ya Noeli."

Amenishika mkono kwa mikono yake miwili, chombo kimeanza kuondoka naye bado ameninyooshea mikono. Nimerudi sokoni nikiwa nimeahidi kujibu swali nisilolijua.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemuuliza mama Safi kama bado ana karatasi ya mwezi wa tisa.

"Ile ya ngolo? Mama Falonne, nilishawashia moto! Ilikuwa na mafuta, iliwaka muzuri sana. Uko na ingine?"

Jumamosi, 16 Novemba

Nathalie amekuja. Eponji, kipompe cha hewa kisichozidi sanduku la kiberiti mara tatu, mrija, na chauffage ndogo yenye kujizima. Mama amempa kiti changu. Falonne amemshikia taa. Mimi nimepewa kazi ya kusimama.

Povu lilitoka jingi mno, maji yakaanza kutikisika. Nathalie ametafuta kitu cha kubana mrija. Nimetoa kibanio cha nguo kwenye kamba ya uani, nimebana. Povu limekuwa dogo, moja baada ya jingine. Monseigneur ametoka chini polepole, amepita pembeni ya povu na nusu ya mkia wake, amepanda juu, amevuta hewa. Falonne amepiga kelele, amemkumbatia aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu alikuwa Nathalie.

Koko Agathe ametoka nje, amerudi na jani moja kavu la badamie, mkungu wetu wa uani, lile jekundu, amelisuuza, amelitumbukiza majini. Nilitaka kumzuia.

"Koko!" Nathalie ameshangaa. "Nani alikufundisha? Hii inaponyesha ngozi yake. Kuko batu banauzishaka majani hii kwa bei!"

"Poto-poto ilinifundisha," amesema mama. "Ila huyu," amenielekeza kidole mimi, "hakuuliza. Alitaka ya baba yake tu."

Nafagia majani yale kila asubuhi. Nayachoma moto. Na nimemwonea wivu hata mama yangu, kwa kupendwa haraka hivyo na adui yangu.

Jumatano, 20 Novemba

Umeme haupo. Kipompe kimezimika, lakini eponji ikibaki majini inavumilia masaa kadhaa. Baridi Monseigneur haivumilii. Chauffage bila umeme ni kijiti. Digrii 22. Koko anaegemeza kiooni chupa za maji ya moto, zinapoa kabla ya chai. Falonne ametoa mkoba wake chini ya kitanda. Haujajaa, lakini umetolewa.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua, mgongo unaniuma. Nimekaa sebuleni nimeegemea ukuta kama ninavyofanya kila jioni nikitoka sokoni, na joto limenipanda mpaka mabegani. Nimekaa hivyo pengine dakika tano kabla ya kujiita mjinga.

Upande wa pili wa ukuta huo ndipo lilipo tanuri langu la kukaushia samaki. Moto wake hauzimiki kabisa tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili matofali bado yanakumbuka. Miaka kumi na saba nimejipasha mgongo hapo bila kumwambia mtu.

Sikutaka kukosea mara ya pili. Nimeweka kwanza ndoo ya maji, nimetumbukiza kipimajoto.

Jumapili, 24 Novemba

Ndoo ikigusa ukuta: 30. Mchuzi.

Jumatatu, 25 Novemba

Upana wa kiganja: 28. Viganja viwili: 26 asubuhi, 26 mchana, 27 jioni.

Alhamisi, 28 Novemba

Umeme hakuna, mvua ipo, viganja viwili: 26. Nimehamisha akwariamu. Kifuniko kipo, moshi hauingii. Chauffage ya Nathalie imebaki ndani, ifanye kazi siku zile ambazo serikali inatukumbuka. Huku Monseigneur anajinyoosha, na huku nyuma ya ukuta jamaa zake wanakauka. Sijamwambia.

Jumamosi, 30 Novemba

Nathalie amegusa ukuta, ametazama kipimajoto, amegusa tena.

"Yaya, hata mimi sikuwaza hii. Hata Yangambi hakuna mutu angeiwaza."

Nimemwambia si kitu. Usiku nimelirudia neno lake mara nne.

Ijumaa, 6 Desemba

Mkia unaota, mweupe kama kucha ya mtoto mchanga.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimejaribu kulitafuta lile swali kwa kila njia. Nimemwambia Nathalie, "Ile jambo yako ni nzito." Amesema, "Najua, yaya." Nimemwambia, "Ulianza kuifikiri lini?" Amesema, "Siku Falonne aliniuliza." Hapo ndipo nilipojua kwamba ufunguo uko nyumbani.

Leo Falonne alikuwa analisha. Punje tatu, hazidishi. Nikasema hivihivi, huku napanga sahani:

"Ile uliyomuuliza yeye, bado unaitaka?"

"Ya jina? Eee. Ulishachagua?"

"Bado. Niambie tena namna ulivyomuuliza."

"Nilimuuliza nimuite nani. Alisema yeye hawezi kuchagua, ni wewe. Alisema atakuandikia nyuma ya karatasi, na mpaka ujibu nisimuite kitu." Ameweka kopo chini. "Mama, ni tangu mwezi wa nane. Nachoka kusema 'yeye'."

Nimeosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Miezi mitatu na nusu nimekuwa nikifurahia kwamba mtoto hamwiti jina. Kumbe alikuwa ananingoja mimi. Wote wawili walikuwa wananingoja mimi. Mtu anakuja mlangoni kwako kuomba ruhusa, na wewe unafungia ngolo wawili ndani ya ombi lake.

Jumapili, 22 Desemba

Wamekuja baada ya misa: Benoît, Nathalie, na tonton Hubert kwa upande wetu ili tulingane. Kuku, pondu, kwanga. Walipokwisha kunawa, Benoît amekohoa.

"Bon. Falonne, ni siku ile. Sema ya roho yako, hakuna mutu atakasirika."

Alikuwa mwongo, tungekasirika wote. Falonne amesimama mbele ya akwariamu, mikono nyuma kama anayesoma shairi shuleni.

"Siku za shule nitakaa hapa. Wikendi, siku ya posho na ya yenga, nitaenda kwa papa."

"Ni juu ya nini?" Benoît ameuliza, kwa upole.

"Juu ya Monseigneur. Anaomba digrii makumi mbili na sita kila siku. Ile iko kwa ukuta moja tu, na ukuta iko hapa. Na samaki ya vile haisafirishwake. Atakufa njiani."

Tonton Hubert ameitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

Nimemtazama Nathalie. Mwanamke huyu alimtoa samaki huyo Kampala, ndani ya sachet, kwa ndege mbili, akiwa amemweka juu ya mapaja. Makiso ni robo saa kwa pikipiki. Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa na haki nalo.

Nathalie ametazama dari.

"Ni kweli," amesema. "Ni samaki ya taabu sana."

Falonne amenitazama, kisha amemtazama yeye, na nimeona jicho lake. Si jicho la mtoto aliyekosea hesabu. Ni jicho langu.

Basi nimesafisha koo. Nimesema kwamba kuna karatasi iliyonifikia mwanzo wa mwezi wa tisa, na kwamba siku ya bandarini nilisema nimeisoma nyuma nami sikuisoma. Niliifungia samaki. Benoît amefunika uso. Tonton ameuliza samaki gani. Nathalie amefungua mdomo, halafu amecheka, ameegemea mama yangu akicheka mpaka machozi. Afadhali angecheka tangu bandarini.

"Lakini jibu ninalo," nikasema. "Falonne, utamwita mama mudogo."

Sikumpa tantine. Tantine ni kila mwanamke anayeuza mikate njiani. Nimempa mama, kwa sababu alitazama dari. Na nimeweka mudogo nyuma yake, kwa sababu hata mimi ni mtu, na mtoto anapaswa kujua mkubwa yuko wapi.

"Mama mudogo," Falonne amelijaribu, kama anayeonja chumvi. Kisha amelirudia bila kuonja.

Imeniuma. Naandika ukweli: imeniuma mara zote mbili, ya pili kidogo zaidi.

Walipoondoka mvua imeanza, ile ya upande inayoingia chini ya mlango. Umeme umekatika. Nimekaa kwenye ukuta wangu, Monseigneur kwenye viganja vyake viwili. Falonne ametoka chumbani na blanketi. Nilijua linakwenda wapi, hivyo nimejisogeza kumpisha.

Amelifungua, amenitupia mabegani.

"Mama, unasikia baridi?"

Nimetazama kipimajoto kwanza.

"Makumi mbili na sita," nikamwambia.